Siku ya Kumfunua Mchungaji

Gari la serikali liliposimama nje, Mama Mchungaji alikuwa anatia zipu kwenye suruali ya mteja.

"Mama, wamefika. Iache hiyo," binti yake alimhimiza.

"Mwenyewe anaitaka leo." Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akatafuta viatu.

Walikuwa wanakwenda kufunua sanamu ya mumewe. Marehemu alikuwa mchungaji, mtu wa sauti ya chini, mwoga hata wa mbwa. Mwaka ule askari wa utawala wa zamani walipowamiminia watu risasi sokoni, alishinda makaburini kutwa nzima akizika. Jumapili iliyofuata alipanda mimbarini, akavua joho. "Ndugu zangu," akasema, "mimi nimechoka kuzika." Wiki haikwisha, akawa msituni na wanamapinduzi.

Kanisa likamkana. Mkewe akatolewa kwenye nyumba ya kanisa, mtoto mgongoni, cherehani kichwani. Akapiga moyo konde, akashona nguo za watu. Habari za kuuawa kwa mumewe zilimkuta akimpima bibi harusi kiuno. Alimaliza kupima. Tangu siku hiyo moyo wake ukafa ganzi, wala haukuzinduka hata mapinduzi yaliposhinda na watu wakamwagika barabarani wakicheza.

Uwanjani aliketishwa kati ya askofu na jenerali.

"Huyu alikuwa mtoto wetu," askofu alitangaza.

"Alikuwa askari wetu," jenerali naye akasema zamu yake ilipofika.

Mama Mchungaji alikitazama kiatu cha askofu. Kilimetameta, ila soli ilikuwa imeanza kuachama.

Alipoitwa, alivuta kamba, kitambaa kikaanguka. Akatokea mwanamume wa shaba, kifua kama mlango, joho mwilini na bunduki begani. Makofi yakarindima. Mpiga picha akapiga goti mbele yake.

"Mama, tupe chozi kidogo tu."

"Sina, mwanangu."

Binti, ambaye hakumbuki lolote la baba yake, akamnong'oneza, "Anafanana naye?"

"Masikio wamepatia," alijibu. Hata hayo masikio hakuwa na hakika nayo.

Wakubwa walipokwenda kula, mzee mmoja mwenye mkongojo alimsogelea.

"Shemeji, tulikuwa naye kikosi kimoja. Nilikuwepo siku ile."

"Kaa," alimwambia, akimsogezea kiti cha jenerali.

Mzee akakaa, akakohoa. "Tulishaanza kurudi nyuma. Kuna askari wa upande wa pili alikuwa amejeruhiwa, analia anamwita mama yake. Mumeo akaniwekea bunduki yake mapajani, akaenda kumbeba. Nilimshika shati, likachanika. Hakufika hata nusu ya njia." Akainamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Kila mtu hapa anamsifu. Mimi nimemkasirikia mpaka leo."

Mama Mchungaji aliitazama ile bunduki ya shaba begani mwa sanamu.

"Hata mimi," akasema. "Alituacha kwa ajili ya watu. Kisha na nyinyi akawaacha."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Ndivyo."

Binti akawaletea soda. Wakanywa pamoja pale juani mpaka vibarua wakaja kukusanya viti na kuwaomba wainuke.