Tangi la Choo Juu ya Chumba cha Shangazi

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema kazi ya bomba ni kazi ndogo, damu inanichemka. Huyo hajawahi kusimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kimebanwa na boriti, mikono ndani ya tangi la choo, na chini barazani wanaume saba wenye vikombe vya kahawa wanampigia kelele kila mmoja na lake.

Ilikuwa Mji Mkongwe, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baada ya Mapinduzi, sisi tuliokuwa tukikaa Ng'ambo katika vibanda vya udongo tulipewa sehemu katika nyumba ya ghorofa ambayo wenyewe walikwishaondoka. Chini alikaa shangazi yangu, dada wa baba, na mumewe. Juu nilikaa mimi na mke wangu. Ngazi ya kupandia kwetu ilianzia ndani ya ukumbi wa shangazi, kwa hiyo kila aliyetaka kuja kwetu ilimlazimu apite kwake.

Choo chetu cha juu kilikuwa cha kuvuta mnyororo. Tangi lake la chuma lilifungwa ukutani karibu na dari, na ukivuta lilinguruma hadi kuta zikatikisika. Sisi tulizoea ndoo na kopo. Wiki za mwanzo mke wangu alikuwa akivuta mnyororo huku mguu mmoja ushatoka nje ya mlango, ndipo anakimbia.

Kisha mume wa shangazi akafariki, chumbani mwake, baada ya kuugua muda mfupi. Shangazi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi kizuka, mjane aliye edani, hatoki nje ya nyumba, hajipambi, hajitii manukato, na haonwi na mwanamume asiye maharimu yake. Mimi mtoto wa kaka yake nilikuwa naruhusiwa. Wanaume wengine wote wa Unguja walikuwa hawaruhusiwi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Wiki ya tatu ya eda tangi likaanza kumwaga. Maji yalipanda mpaka ukingoni, yakateremka ukutani, yakapenya sakafu ya chokaa, na yakadondoka chumbani kwa shangazi, karibu na pale anapotandika msala. Siku hiyo hiyo shangazi alitoa godoro lake, akalitandika ukumbini, chini ya ngazi yetu, akakaa hapo.

Nilikwenda kumsemesha kwa upole. Wakati huo nilikuwa bado nina upole.

"Shangazi, yale maji ni safi. Ndiyo haya haya ya mfereji. Yanakaa tu kwenye tangi kabla hayajateremka."

"Yanatoka chooni hayatoki chooni?"

"Yanatoka chooni, lakini..."

"Basi."

Nilikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa mtaa wetu. Akanieleza kwa utaratibu kwamba maji yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu hukumu yake ni twahara. Nikarudi mbio na jawabu langu. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, akasogeza punje moja ya tasbihi yake, akasema, "Mwambie aje alale yeye."

Nikaweka beseni la kukingia. Akasema mlio wa matone unamharibia hesabu ya uradi. Nikaweka tambara ndani ya beseni ili lisilie. Akasema tambara litanuka. Nikamwambia ahamie juu kwetu, nasi tushuke chini. Akasema eda ya mume hukaliwa kwa mume, na huko juu ni kwa mke wangu. Nikafunga koki. Lakini koki ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na mke wangu, baada ya kupandisha ndoo za maji ngazi zote zile kutwa moja, aliniwekea chakula mbele yangu, na chenyewe kilikuwa hakina chumvi. Nikaifungua koki.

Ningeweza kuyavumilia yote hayo. Wageni wangu walikuwa hawaji tena, kwa sababu hapana mwanamume wa kupita ukumbini. Mwenzangu wa ofisini aliyeniletea faili alibaki kunipigia mbinja njiani. Nikavumilia. Lililonikosesha raha ni wifi yake shangazi.

Huyu alikuwa dada wa marehemu, mkaazi wa Uroa, mwanamke mwenye macho yasiyopitwa na kitu na mdomo usiobakisha. Habari zilimfikia, sijui kwa nani, kwamba mke wa kaka yake ameacha chumba cha eda na sasa anakaa ukumbini, hatua tano kutoka mlango wa nje. Kwake yeye kizuka anayesogelea mlango bila ya sababu ni mwanamke ambaye ashaanza kuchungulia mume mwengine. Shangazi yangu alikuwa na miaka sitini na kitu, na magoti yakilia kila anaporukuu! Lakini wifi alituma salamu kwamba atakuja Alhamisi kuona kwa macho yake, na sote tulijua kwamba atakachokiona Alhamisi, Ijumaa kitakuwa kimeshazungumzwa Uroa nzima. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka arubaini bila ya doa angeharibiwa jina kwa ajili ya tangi la choo. Nikaapa kwamba mpaka Alhamisi awe ameshalala chumbani mwake.

Kwanza nilijaribu mwenyewe. Ndani ya tangi mna boya, tufe la shaba lililoungwa kwenye ufito. Maji yakijaa boya hupanda na ufito hufunga mdomo wa bomba. Hilo la kwetu lilikuwa limelala chini kabisa, halipandi. Nikaona labda ufito umepinda, nikaukunja juu. Maji yakatoka kwa kasi maradufu. Nikaukunja chini. Yakanirukia usoni. Nikaurudisha ulivyokuwa, nikashuka kwenye ndoo nimeroa, na mke wangu akaniuliza kama nimemaliza.

Jumatano alasiri nikaenda Mlandege kumchukua fundi. Huyu bwana alikuwa akitengeneza stovu, taa za karabai na mabomba, na alikuwa anasema zaidi kuliko anavyotengeneza. Nikamwuliza kama ana boya jipya. Alicheka. Miaka ile hata sindano ukiikuta dukani unainunua kwanza ndipo unafikiri utashonea nini. Akatia koleo, nyundo na vyombo vya kulehemu ndani ya pakacha tukaondoka.

Tulipofika mlangoni akapiga hodi.

"Nani?" akauliza shangazi kutoka ndani.

"Fundi, Shangazi," nikasema mimi.

"Fundi mwanamume?"

"Kwani kuna fundi wa bomba mwanamke?"

"Basi na asubiri mpaka eda yangu iishe."

Eda yake ilikuwa imebakia zaidi ya miezi mitatu. Nikamwomba fundi asimame pembeni, nikaingia, nikatundika shuka kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Nikamwambia shangazi akae nyuma yake, fundi atapita upande wa pili kwa dakika moja, macho chini. Akasema shuka haizibi masikio. Nikamkumbusha kwamba barazani, chini ya dirisha lake, wanaume wanabwata tangu asubuhi mpaka magharibi na masikio yake hayajapata kulalamika. Akasema wale wako nje.

"Basi ingia chumbani dakika moja tu, apite!"

"Kwenye maji ya choo?"

Nilitoka nje na hasira zangu. Hawezi kurudi chumbani kwa sababu tangi linavuja, na tangi haliwezi kutengenezwa kwa sababu hataki kurudi chumbani. Fundi alikuwa ameshakaa barazani na wanywa kahawa, ameshapewa kikombe, na ameshawaeleza yote.

"Usijipe tabu," akanambia. "Choo kina dirisha? Basi panda wewe. Mie ntakwambia kutoka hapa."

Nikafunga koki, nikapanda. Dirisha la choo lilikuwa dogo, linatazama njiani. Nikatoa kichwa nikawaona wote wameinua nyuso.

"Unaliona boya?" fundi akaita.

"Nnaliona!"

"Litikise!"

Nikalitikisa. Ndani yake maji yakacheza.

"Limeingia maji!"

"Lina tundu hilo! Lifungue ulilete!"

"Asianze na boya," akasema mzee mmoja wa barazani. "Aanze na mnyororo. Kwa bwana mmoja Malindi ilikuwa mnyororo."

"Mnyororo unahusu nini na maji, mzee?"

"Kwani wewe ndiye uliyekuwepo Malindi?"

Wakagawanyika. Wengine boya, wengine mnyororo, na mmoja aliyesema nyumba hizi za watu hazitaki kuguswa kabisa. Mwanamke wa nyumba ya pili alifungua dirisha kuuliza nani amekufa. Mimi koleo linateleza, nati imeshikana na kutu, mikono yangu ya karani imechubuka vifundo vyote, na kila nikitulia kupumua naulizwa kutoka chini kama nimelala. Nilitamka maneno ambayo chooni ndipo mahali pake.

Nati ikalegea. Tulikuwa na kikapu cha kuteremshia pesa kwa muuza mboga, kina kamba yake. Nikalitia boya, nikaliteremsha. Fundi akalimwaga maji, akawasha stovu yake pale pale, akalichoma, akaliziba tundu kwa lehemu. Kisha akaanza kulizungusha kwa kila mtu alione, na kila mtu akalishika, akalitikisa, akatoa maoni. Yule mzee wa mnyororo alikataa kulishika.

Lilipopanda tena kikapuni nikalifunga. Nikaifungua koki. Maji yakaingia, boya likaelea, likapanda taratibu, na kwenye vidole vinne chini ya ukingo maji yakakata. Kimya. Nilivuta mnyororo mara tatu na mara tatu likajaa na kukata. Nakiri kwamba machozi yalinilenga. Nikatoa kichwa dirishani nikasema limekubali, na baraza zima likapiga makofi kana kwamba kila mmoja amelitengeneza yeye.

Nikateremka ngazi kifua mbele. Nikaingia chumbani kwa shangazi, nikapangusa sakafu, nikafungua dirisha, nikakiweka sawa kitanda. Kisha nikamwendea pale ukumbini.

"Shangazi, karibu chumbani kwako. Hakuna tone."

Hakuinuka. Aliendelea na tasbihi mpaka akaimaliza, na mimi nimesimama, hasira zinanirudia upya. Nikafikiri, sasa atasema nini? Harufu ya lehemu?

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mie siyaogopi yale maji."

"Unasemaje?"

"Kitanda kile nshalala miaka arubaini upande wa ukutani. Nikilala sasa siwezi kugeuka. Nikigeuka nnamwona alivyokuwa siku ile, nnakesha macho mpaka alfajiri. Wiki mbili nlilala hivyo. Lilipodondoka tone la kwanza nlisema alhamdulillahi, nshapata sababu."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nnakiogopa chumba cha mume wangu? Wifi yangu akilisikia hilo atasema nimemkimbia maiti."

Niliitazama mikono yangu iliyochubuka. Nilikuwa bado nimekasirika, ila sikujua tena nimekasirika na nani. Nikamletea maji ya kunywa, nikapanda juu.

Wifi alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Hata buibui hakuvua. Alimkuta shangazi juu ya godoro lake, chini ya ngazi, akapokea shikamoo yangu, akakaa, akatazama godoro, akatazama mlango wa nje, akatazama tena godoro.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema.

Shangazi aliinamisha kichwa. Mke wangu aliingia na chai, akasimama na sinia mkononi.

"Ni tangi la choo," nikasema mimi. "Linavuja chumbani kwake. Bado halijatengenezeka."

"Siku zote hizi? Wewe mwanamume mzima, msomi, tangi la choo linakushinda?"

Nje barazani walikuwepo wale wale saba, na yeyote kati yao angeweza kuieleza kazi yangu nati kwa nati. Usiku kucha nilikuwa nimefikiri nitaisimulia vipi ofisini.

"Limenishinda," nikasema.

"Hebu ninywe chai yangu," akasema wifi, "nkalione mwenyewe hilo tone."

Mke wangu akanitazama. Kisha akamwekea wifi kikombe, akakijaza mpaka juu, chai ya moto inayotoa moshi, akamsogezea na sahani ya vitumbua.

Mimi nikaomba ruhusa. Ngazi za mwanzo nilizipanda kwa heshima, zilizobaki nilizipanda mbili mbili. Nikapindua ndoo, nikasimama juu yake, nikatia mikono yote miwili ndani ya tangi mpaka kwenye viwiko, nikalizamisha boya. Lilikuwa zima, halina tundu, linanisukuma kwa nguvu zake zote. Nikalikandamiza chini. Bomba likafunguka, maji yakapanda, yakafika ukingoni, yakamwagika ukutani, yakapita kwenye nguo zangu, yakaenda sakafuni. Mikono ilikufa ganzi. Sikuthubutu kuibadilisha.

Chini nikasikia mlango wa chumba unafunguliwa, na hatua za wifi zikaingia. Nikazidi kukandamiza.

"Lahaula!" akapiga kelele. "Limenidondokea mimi! Wifi yangu, kaa huko huko ukumbini, hata mie nisingelala humu."