Sipiyu ya Mbao

Watu wananiita Fundi Gundi, na jina hilo sikulipenda mpaka lilipoanza kuniletea wateja. Mimi ni seremala. Situmii msumari, na skrubu naiona kama ushahidi wa uvivu. Mbao mbili zikikatwa sawasawa zinafumana zenyewe. Unazipaka gundi, unazibana, unaziacha zikauke, na baada ya hapo hata shetani hazitenganishi. Nikimaliza kabati napitisha karatasi kwenye kila kiungo. Karatasi ikipenya, naanza upya. Naambiwa nina kiburi. Sawa, ninacho, na nimekifanyia kazi.

Lakini habari hii si yangu, ni ya mke wangu. Mimi nimo kwa sababu nusura niiharibu.

Mke wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Alianza kwa mhandisi mmoja enzi ramani zikichorwa kwa kalamu na rula juu ya meza iliyoinama, akahamia kwenye kompyuta zilipoingia, akadumu ofisini pale miaka ishirini na miwili. Ukipita mitaa ya kwetu ukaona ngazi imekaa mahali pake na dirisha limeelekea upepo unakotoka, ujue huenda mkono wake umepita hapo. Jina lake halipo popote, lipo la mhandisi. Mhandisi akastaafu, ofisi ikafungwa, mke wangu akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai na boksi la kalamu. Kwa miaka miwili akawa ananisaidia karakanani: kupokea simu, kuandika vipimo, kuwaahidi wateja kwamba nitamaliza Ijumaa huku akijua fika kwamba sitamaliza. Wala hakulalamika. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana mke wangu kulalamika anakujua, tena kwa ufundi. Alikuwa ananyauka mbele ya macho yangu, na mimi nampa vipimo vya makochi aandike.

Ndipo akaja mkandarasi mmoja kuagiza milango. Alipomwona mke wangu akamkumbuka, akasahau milango. Alikuwa amepata kazi ya kujenga shule yenye madarasa tisa, na mchoraji wake alikuwa amemkimbia katikati ya safari. Akamuuliza mke wangu kama anaweza kuchorea nyumbani. Mke wangu akasema anaweza. Mkandarasi akasema vizuri, ila yeye ameshaumwa na nyoka, sasa akiona ung'ongo anashtuka: atakuja Jumatatu ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, na ramani ya shule kwenye flashi. Mke wangu aifungue mbele ya macho yake, aigeuze, ahamishe ukuta mmoja. Mashine ikiweza, kazi ni yake, hiyo na zitakazofuata. Isipoweza, anaipeleka kwenye ofisi ya mjini, na asilaumiwe.

Siku hiyo jioni mke wangu alilalamikia chumvi kwenye mboga. Nilifurahi mpaka nikaongeza chakula.

Tatizo ni mashine. Tuliyokuwa nayo ni ile ya kuweka mapajani, aliyotuachia binti yetu alipoolewa. Ukiiambia igeuze paa la banda la kuku, unakwenda kuanika nguo, unarudi, paa bado linatafakari. Ilitakiwa kompyuta ya mezani, yenye nguvu. Swali likawa moja: tununue iliyokamilika, au tukusanye vipande tuiunde wenyewe?

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anauza kompyuta dukani. Alikuja na vipeperushi vyake. Ya dukani, akasema, imefungwa kiwandani, ina waranti, leo unalipa na kesho iko mezani. Vipande ni kujitafutia maradhi. Kimoja kikikataa kuelewana na kingine utalia na nani? Nikamwambia mimi kitu nisichojua ndani yake kuna nini sikiamini. Nikaenda karakanani nikarudi na droo ya kabati la dukani ambalo mteja aliniletea nilitengeneze. Unga wa mbao uliogandishwa, umelowa maji kidogo tu, umevimba kama andazi. Nikaiweka mezani juu ya vipeperushi vyake. Nikamwambia hii nayo ilikuwa na waranti.

Tukabishana jioni tatu mfululizo. Ya tatu, mama mkwe, ambaye anaishi nasi na hapendi kelele wakati wa taarifa ya habari, akazima redio yake.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. "Na hapa wanaochagua jembe hata shamba si lao."

Tukamgeukia mke wangu. Hatukuwa tumemuuliza hata siku moja. Yeye siku zote hizo alikuwa amekaa na karatasi yake ya miraba, amewapigia simu wenzake wawili wa ofisini, ameandika. Akatueleza taratibu, kama mtu anayewasomesha watoto. Za dukani zenye bei tunayoiweza zimeundwa kwa ajili ya mtu anayeandika barua. Zinazoweza kuchora hatuzifikii. Tukiunda wenyewe, nguvu tunaiweka pale mchoro unapoihitaji, kwenye prosesa na kwenye kumbukumbu, na mataa ya urembo tunawaachia vijana. Na siku kipande kimoja kikichoka, tutabadilisha hicho kimoja.

"Tunaunda," akasema.

Nilimtazama shemeji kwa jicho ambalo sitakiwi kumtazama nalo shemeji. Yeye naye ni muungwana: alinuna kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akakubali kututafutia vipande dukani kwao na kuja kutuonyesha.

Mke wangu aliiunda mwenyewe juu ya meza ya chakula, miwani puani, shemeji akisimama pembeni kuelekeza. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi. Kuna dawa fulani inayopakwa juu ya prosesa kabla ya kuifunika na feni yake, ili joto lipate njia ya kutoka. Nilipoona anaweka tone dogo kama punje ya harage, nikaona huo ni uchoyo, nikaichukua nipake kama inavyopakwa gundi, pembe hadi pembe. Akanipiga kibao cha mkono. Nikarudi kwenye tochi yangu.

Likabaki sanduku la kuitia, lile ambalo kila mtu analiita sipiyu. Shemeji alileta la bati. Nililigonga kwa kidole, likalia kama kopo la biskuti. Nikasema mashine ya mke wangu haitalala ndani ya kopo wakati mumewe ni seremala. Nipeni siku tatu. Mke wangu aliniambia jambo moja tu: nikumbuke inahitaji hewa. Nikamwambia najua, najua. Mwanamume akisema najua mara mbili, mjue hajui.

Nililitengeneza kwa mvule niliokuwa nimeuficha miaka sita nikisubiri kazi ya kuustahili. Nililipiga randa mpaka ukipitisha shavu hulisikii. Pembe zote zimefumana. Nyuma nikaacha tundu moja la kupitisha nyaya, nikahesabu kwamba hewa nayo itapita humo humo, kwani hewa ina unene gani? Nikaiweka mashine ndani, nikafunika kwa kifuniko kilichoingia kwa mlio mmoja laini, na kwa kuwa mimi ndiye mimi, nikakipaka gundi. Nikapitisha karatasi kila upande. Haikupenya popote.

Jumamosi saa sita mchana tukaiwasha. Mke wangu akafungua ramani yake ya zamani, nyumba ya ghorofa mbili, akaishika kwenye paa akaizungusha, na ikazunguka bila kusita. Akaizungusha tena, na tena, kama mtoto aliyepewa gurudumu. Akacheka kicheko cha tumboni. Miaka miwili sikuwa nimekisikia. Mama mkwe akapiga makofi bila kujua anapigia nini, nami nikaenda kusimama mlangoni ili jirani aniulize kuna nini.

Dakika ishirini baadaye skrini ikawa nyeusi.

Tukasubiri, tukaiwasha, ikafanya kazi dakika kumi, ikazimika. Mara ya tatu haikumaliza hata tano. Shemeji tulipompigia alikuja haraka mno, na nikajua kwa nini: nyuma ya gari lake alikuwa na kompyuta ya dukani, mpya, kwenye boksi lake. Hakunicheka. Alisema tu kwamba huenda tumeiunguza, na kwamba ile ya dukani haina nguvu sana lakini Jumatatu itawaka, na mambo ya malipo tutajua baadaye.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaa mikono mapajani, kama alivyokuwa akikaa karakanani. Niliona aibu, sikatai, lakini hofu ilizidi aibu. Niliona kabisa anavyorudi Jumanne kuniandikia vipimo vya makochi, na safari hii nikiwa nimemrudisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na mvule wangu. Nikameza kiburi, nacho kilikuwa kikubwa.

"Lete hiyo ya dukani," nikamwambia shemeji.

"Subiri," mke wangu akasema. Akainuka, akaweka kiganja juu ya sanduku, kama unavyompima mtoto homa. Akakipeleka mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma kwenye lile tundu. "Kompyuta haina kosa. Umeijengea nyumba isiyo na dirisha. Fungua."

"Haifunguki," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimepaka gundi."

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Shemeji akajitia kuchunguza waya. Mke wangu hakucheka, lakini mdomo ulimcheza, na hapo nikajua tumepona. Alichukua penseli kutoka nyuma ya sikio langu, akaanza kuchora juu ya mvule. Hewa ya baridi inaingia chini, mbele. Ikipata joto inapanda. Basi itokee juu, nyuma, na matundu ya kutokea yawe makubwa kuliko ya kuingilia. Ni yale yale ya nyumba, akasema, alikuwa akiyafanya kila siku kwa watu asiowajua, itakuwaje yamshinde kwa sanduku? Alichora mistari myembamba, imepangana, upana wa kidole kimoja kati ya mmoja na mwingine. Ilipendeza kuliko sanduku lenyewe.

Nina miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kukata mbao kwa mstari wa mtu mwingine. Nilikata. Kwanza nilikitoa kifuniko kwa msumeno mwembamba, polepole ili unga usiingie ndani, na kila nilipovuta niliusikia moyoni. Mke wangu akatoa vipande vyake kimoja kimoja, akavilaza juu ya kadibodi. Nikalipeleka sanduku tupu uani, nikafuata penseli yake, sikupunguza wala sikuongeza. Kifuniko kipya nikakifunga kwa skrubu nne, nikizikaza huku nimegeuza uso.

Jumapili iliwaka kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi. Ukiweka mkono nyuma, unasikia upepo wa vuguvugu unatoka. Shemeji alirudi mara mbili kuhakikisha, mara ya pili akaja na mteja wake amwonyeshe.

Jumatatu mkandarasi alifika na flashi yake mfukoni. Hakuuliza lolote kuhusu sanduku. Alikuwa mtu wa kazi. Ramani ya shule ikafunguka. Mke wangu akaigeuza, akashuka ndani ya madarasa, akahamisha ukuta alioambiwa ahamishe, akaurudisha. Kisha akasimama kwenye darasa la nne, akasema mlango huu ukifunguliwa utagonga nguzo ya veranda, na watoto thelathini hawataweza kutoka kwa pamoja. Mkandarasi akainama kwenye skrini. Akapima kwa vidole. Akakaa chini.

"Ramani hii imepita mikono ya watu watatu," akasema. "Mama, anza leo."

Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa sijui nimpe mkono au nimkumbatie. Nikampa mkono, kwa muda mrefu kidogo.

Saa saba nikapakua chakula, nikaenda kumwita. Alikuwa amekaa wima, kalamu mdomoni, na darasa la nne limejaa skrini nzima. Nikamwambia chakula kinapoa. Nikamwambia pia kuna mteja karakanani anataka vipimo vya kabati viandikwe.

"Niko kazini, baba watoto," akasema, bila kugeuka. "Kaandike mwenyewe."

Nikarudi karakanani. Mteja aliniuliza yuko wapi yule mama anayeandika vizuri. Nikamjibu kwamba mke wangu yuko kazini. Akasema haya, tuendelee. Nikamwambia tena, ingawa hakuwa ameuliza, kwamba mke wangu yuko kazini, na nikalazimika kuinama kutafuta rula ili asiniangalie usoni.