Matembe Wangu na Koo Mweusi wa Mama Mkwe

Nani aliwadanganya kuwa kuku hana kiburi? Anayesema hivyo hajawahi kupeleka kuku wageni kwenye uwanja wa mama mkwe. Mimi nilipeleka, kule Qurus, Karatu, miaka ile ya foleni ya sabuni, na ninawaambieni kuku anaringa kuliko karani wa duka la ushirika. Na karani wa duka la ushirika enzi zile alikuwa mtu wa kuamkiwa mara mbili kabla hajakujibu.

Wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye shamba la kahawa upande wa juu wa Karatu. Walitoka Singida kutafuta kazi, wakanizaa hapo hapo kambini, nikasoma hapo, na mume nikampata hapo, kijana wa Kimbulu aliyekuwa fundi wa magari kwenye hoteli ya watalii huko juu Ngorongoro. Nilipoolewa tu, shamba likapunguza watu. Baba akasema imetosha, turudi kwetu. Mama hakuwa na kitu cha kunipa. Akanifungia ndani ya tenga matembe watatu, yaani kuku majike wachanga ambao bado hawajaanza kutaga, akaniambia, "Mwanangu, kitanda sina, kabati sina. Hawa wakitaga, ujue mama yako kakusalimu." Kesho yake wakapanda lori.

Safari ya Singida wakati ule haikuwa ya kusema nitaenda mwezi ujao. Sikujua nitamwona tena lini. Nililia pale barabarani nikipunga mkono hadi lori lilipopotea, na watalii waliokuwa wakipita na Landrova wakanipungia na wao, wakidhani nawasalimia. Kwa hiyo mtakaponisikia nagombana kwa ajili ya kuku, mjue sikuwa nagombania kitoweo.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mrefu, si mtu wa maneno mengi, kiongozi wa akina mama kanisani na adui namba moja wa pombe. Siku niliyofika na tenga langu alilizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema kitu kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu. Kiiraqw changu siku hizo kilikuwa cha kusalimia na kuombea maji ya kunywa, lakini nilielewa kwamba ile haikuwa baraka. Halafu akanitafsiria mwenyewe kwa ufupi.

"Hapa kuku wapo."

Walikuwepo kweli, uwanja mzima, na mkuu wao alikuwa koo mmoja mweusi, kuku mzazi, mnene, mwenye kishungi kichwani. Kwa ukali wake angefaa kabisa kuwa balozi wa nyumba kumi. Jogoo mwenyewe alimpisha njia. Mama mkwe alimpenda kuku yule, acheni tu. Kila msimu kuku huyo alimwangulia vifaranga, na hakuna mwewe aliyethubutu kumnyang'anya hata kimoja. Mama mkwe alimtupia mahindi yake peke yake na kumsemesha kwa sauti laini, na mimi mke wa mwanawe sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

Nikafungua tenga. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Pale mwenyeji alipona vizuri sana, ni mgeni ndiye aliyeponea chupuchupu. Yule koo mweusi alikuja ameinamisha shingo, akamrukia tembe wa kwanza, akamkalia mgongoni akimng'oa manyoya ya kichwa, na ukoo wake wote ukafuata nyuma kumsaidia. Niliingia katikati na ufagio. Nikadonolewa mguu mpaka damu, na matembe wangu wakaenda kujificha chini ya kuni.

Nikawafunga kamba za matambara miguuni, karibu na mlango wa jiko, wazoee mahali. Mama mkwe akapita na ndoo yake ya maziwa, akaziona zile kamba.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akasema, na alipokuwa akisema alinitazama mimi, hakutazama kuku.

Wee! Niliuma ulimi. Mwali wa watu hajibu.

Siku zilizofuata nilifanya kila kitu alichonifundisha mama yangu. Niliwaweka ndani ya tenga pale pale jikoni ambapo kuku wote walilala, waonane bila kugusana. Niliwachanganyia pumba zao na za wenyeji. Niliwaingiza kwenye kichanja jioni giza likianza, ili wakiamka wajikute wamelala pamoja kama ndugu. Waliamka pamoja, naam, na wakapigwa pamoja. Ukungu wa Karatu ukiwa bado haujainuka, mimi nilikuwa uwanjani na ufagio, na majirani wakienda kisimani wakinicheka.

Ndipo mama mkwe akatoa hukumu. Kipaimara cha wifi yangu mdogo kilikuwa kinakaribia, na wageni ni lazima wale nyama. "Sitaki vita nyumbani kwangu," akasema. "Ikifika kipaimara, kuku anayevuruga amani ataingia sufuriani."

Mimi nikajua ameshanisomea mashtaka. Anayevuruga amani ni nani, kama si mgeni?

Nikaenda kulia kwa jirani. Jirani huyu alikuwa mama mmoja mcheshi aliyepika pombe ya mtama na kuiuzia nyumbani kwake, na kwa sababu hiyo mama mkwe alikuwa akimsalimia kwa kuangalia pembeni. Akanisikiliza, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwali, umesoma bure," akaniambia. "Hapa kwangu anakuja Mmbulu, anakuja Mgogo, anakuja Mnyaturu mwenzako. Wakiingia wanatazamana kama majogoo. Wakishafika kibuyu cha pili, umewahi kusikia anayemwuliza mwenzake ametoka wapi?"

Akanijazia machicha kwenye bakuli kuukuu, yale makapi yanayobaki pombe ikishachujwa. Kuku huyapenda kuliko mtama wenyewe. Nikayaficha chini ya kanga, nikapita nyuma ya migomba.

Jamani, sikuamini macho yangu. Kiganja kimoja tu cha kwanza, na yule koo mweusi akasimama katikati ya uwanja akitafakari. Tembe wangu akapita mbele yake. Akamwangalia kwa jicho moja, kisha kwa jingine, akaona haina haja. Jioni ile walikula pamoja. Kesho yake nikaongeza kidogo, na tembe mdogo kuliko wote akalala ubavuni kwa yule koo kama mtoto kwa mama yake. Hata mama mkwe akatikisa kichwa. "Kumbe wanaanza kusikilizana," akasema, na mimi nikajibu kwa adabu zote, "Maombi yako, mama."

Hapo kiherehere kikaniponza. Jumamosi moja akina mama wa kanisani walikuja pamoja na mwinjilisti kupanga mambo ya kipaimara. Mume wangu naye alikuwa ameshuka kutoka Ngorongoro kwa mapumziko. Nikasema nisiaibike mbele ya wageni, wasije wakakuta kuku wanachinjana. Nikawamwagia ungo mzima wa machicha.

Wageni walikaa kwenye mabenchi uwanjani, maana jua la mchana lilikuwa limetoka. Chai haikuwa na sukari, siku hizo tulikuwa tunaitafuta kwa tochi. Mwinjilisti, kijana mpole aliyetoka chuoni juzi juzi, alikuwa anaomba. Jogoo akapanda juu ya rundo la kuni, akavuta pumzi, akaanza kuwika, akasahau katikati. Akadondoka kifudifudi miguuni kwa mwinjilisti. Akajaribu kuinuka, bawa moja likamkatalia. Nyuma yake majike walikuwa wanatembea wakipishanisha miguu, wengine wameshusha mabawa, wengine wamesinzia wima shingo zikiwa zimepinda. Koo mweusi alikuwa amekaa chini, kichwa amekilaza juu ya mgongo wa tembe wangu, mdomo wazi.

Mwinjilisti akasema amina kabla ya wakati wake. "Mama," akasema, "hicho ni kideri!"

Asiyefuga hajui neno hilo linavyoshtua. Kideri kikiingia uwanjani, kinafagia kuku wote na hakibakizi hata wa mbegu, ndiyo maana kwetu watu hawangoji. Wakiona tu kuku wanasinzia na kupinda shingo, wanachinja wote haraka, wale, wawagawie majirani, kabla hawajafa bure. Akina mama walikuwa wameshasimama, kanga zimekazwa viunoni.

"Anzeni na hawa wageni," mmoja akasema. "Ndio walioleta ugonjwa."

"Kisu," mama mkwe akamwambia mume wangu, na mume wangu akaenda kukichukua.

Nikisema kweli, nimemwaibisha mama mkwe mbele ya kanisa zima: nyumbani kwa adui wa pombe kuku wamelewa chakari! Nikinyamaza, nampoteza mama yangu mara ya pili uwanjani pale. Nawaambieni wazi, nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale, hadi jogoo.

Mama mkwe alikuwa amemwinua kuku wake mweusi kifuani, huku machozi yakimlengalenga. Akamsogeza usoni. Akasita ghafla. Akamnusa mdomo, akamnusa tena. Kisha akainua macho polepole, akanitazama, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Rudisha kisu," akasema.

"Lakini mama, kideri..." mwinjilisti akaanza.

"Si kideri, mwinjilisti. Ugonjwa huu naufahamu. Unaisha wenyewe asubuhi, kichwa ndicho kinachouma kidogo." Akamweka kuku chini kwa uangalifu. "Marehemu baba yao alikuwa nao miaka mingi."

Akina mama wakaanza kukohoa mmoja mmoja ndani ya kanga. Mwinjilisti alimtazama mama mkwe, akamtazama jogoo, na ilimchukua muda, maskini. Halafu masikio yakamwiva, akaomba aongezewe chai.

Wageni walipoondoka mama mkwe akanifuata jikoni. Nikapiga magoti nikingoja matusi.

"Umewapa kiasi gani?"

"Ungo, mama."

"Mjinga wewe. Kuku ungo mzima!" Kisha mabega yakaanza kumcheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, ameshika mlango ili asianguke. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona meno.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Asubuhi kuku waliamka na vichwa vyao vikiwagonga, na pombe ilipotoka amani ikatoka nayo. Koo mweusi aliamka na ghadhabu ambayo sijawahi kuiona kwa ndege. Alimshika yule tembe mdogo kwenye pembe ya ukuta akamdonoa utosi mpaka damu ikamfumba macho, na nilipomnasua alikuwa ananing'inia kama kitambaa. Nikamwosha kwa maji ya chumvi. Mama mkwe alikuwa amesimama nje na ndoo ya pumba, ameona yote. Akamwaga pumba, akaingia ndani.

Wiki ile nzima niliwafungia matembe wangu kwenye tenga, na sikurudi tena kwa jirani. Nilikuwa nawalisha huku nikiwaaga. Kila nilipomwona mama mkwe akinoa kitu, hata jembe, moyo uliniruka. Nilifikiria kuwapeleka stendi, nimtafute dereva wa lori la Singida awarudishie mama, na nikaona aibu: angewapokea akajua kwamba mwanawe hana pa kufuga hata kuku. Mwisho nikakata tamaa. Uwanja ulikuwa wake, na kuku mweusi alikuwa wake.

Siku moja kabla ya kipaimara maji yalikuwa yanachemka mekoni tangu asubuhi. Mume wangu akasimama na kisu chake. Mimi nikatoa tenga nje mwenyewe, sikutaka mtu mwingine awatoe, nikaanza kufungua kamba.

"Acha hiyo," mama mkwe akasema.

Akatupa mahindi chini, akaita kwa ile sauti yake laini. Koo mweusi akaja mbio peke yake, maana wengine hawakuthubutu, akala kwenye kiganja chake kama alivyozoea. Mama mkwe akamwacha amalize. Kisha akamshika miguu.

Mume wangu akatumbua macho. "Mama! Huyu?"

"Nilisema anayevuruga amani."

"Lakini ni wako. Tangu..."

"Najua ni wangu." Akanigeukia mimi, na kuku akiwa anapiga mabawa mkononi mwake. "Huyu nimekaa naye miaka mingi. Wewe nitakaa na wewe mpaka mnizike. Njoo umshike mabawa, yuko mzito."

Nikamshika. Alikuwa mzito kweli, na wa moto, moyo ukimwenda mbio chini ya vidole vyangu. Nilikuwa nimeomba kifo cha kuku yule kila siku niliyoamka nyumbani kwao, na sasa nilikuwa namlaza manyoya ya bawa kwa kidole gumba. Mama mkwe akageuka akatazama upande wa shamba la mahindi, akasimama hivyo hivyo, kanga ameiuma mdomoni, mpaka mume wangu aliposema tayari.