Molnar wa Masii

Munyiva alipokwenda kutafuta kitambulisho mwaka 1993, karani alisoma fomu yake, akaisoma tena, kisha akamrudishia.

"Munyiva ni sawa. Sasa hii Molnar ni ya nani?"

"Ni ya baba yangu."

"Na baba yako ni Mkamba?"

"Wa Masii. Kamili."

"Basi andika jina ya Kikamba, dada. Tusipotezeane wakati."

Munyiva alikuwa na miaka kumi na minane na kichwa kigumu kuliko umri wake. Aliiweka fomu ileile mezani, akaenda kuketi kwenye benchi, akamkazia macho karani. Saa ya chakula ikafika, ikapita, binti bado yuko palepale. Saa tisa mwanamume alichoka kutazamwa, akaandika jina lilivyo. Sijui kwa nini watu huanza ugomvi na wasichana wa namna hii.

Jina lenyewe lililetwa Masii na mzungu mmoja mpweke kutoka Hungaria, aliyekimbia vita vya kwao akafungua mashine ya kusaga unga pale sokoni. Babu yake Munyiva, Ndunda, ndiye aliyekuwa fundi wake. Mwaka wa njaa, 1950, watu walipokuja na vijikopo vya mtama badala ya magunia, mzungu huyo aliwasagia wote bila kudai kitu. Mwaka huohuo mke wa Ndunda akajifungua mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa desturi, jina la mtoto huyo lilikuwa limeshajulikana: ni la baba mzazi wa Ndunda. Ndunda akaliruka. Alisema Molnar hana mke wala mtoto, akifa nani atamwita tena? Akampa mwanawe jina la mzungu.

Ukoo haukumsamehe. Kwa Wakamba jina si kibandiko tu. Mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo amerudi nyumbani. Mama humwita mwanawe "nau", yaani baba yangu, na wala hatanii. Sasa pale kwa Ndunda alikuwa amerudi nani? Mzungu ambaye hakuna aliyewajua watu wake! Jina la babu lilimwendea mtoto wa pili, Mutiso, lakini halikumsaidia. Shuleni alikuwa "ndugu ya mzungu" mpaka darasa la mwisho. Kinyongo hicho alikula nacho na kulala nacho hadi akawa mwenyekiti wa ukoo.

Nyumbani kwa akina Munyiva walikuwa na jibu lao la kujifariji. Walisema Molnar ni jina la wafalme. Aliyelianzisha hilo hajulikani, lakini Munyiva alilitangaza shule nzima, na aliyebisha aliambulia ngumi.

Mzungu alifariki kabla ya uhuru. Mashine ikabaki kwa Ndunda, kisha kwa mwanawe Molnar, na huyo alipofariki mwaka 2001 ikawa ya Munyiva. Alijua kubadilisha chekeche na kukaza mkanda, na alitambua kwa sikio tu injini ikianza kulalamika. Wanaume walileta mahindi wakauliza mwenye mashine yuko wapi. "Unamwangalia," alijibu.

Mwaka 2004 akashika mimba. Aliyempa mimba, dereva wa Kangundo, alileta mbuzi watatu wa posa, kisha akasema mke wake hatashinda sokoni akipakwa unga. Munyiva aliwapakia mbuzi wale kwenye pikapu akawarudisha mwenyewe. Kwa hiyo mtoto angekuwa wa boma la baba yake Munyiva, na akiwa wa kiume, jina lake ni Molnar.

Mutiso alimfuata kwenye mashine mimba ikiwa ya miezi saba.

"Akiwa kijana ataitwa Ndunda," alisema. "Hiyo jina ya mzungu tulizika na kaka yangu."

"Na baba yangu ataitwa na nani, baba mdogo?"

"Unajua ni nani unaita kwa boma? Unajua watu wake? Pengine walikuwa wauaji."

"Walikuwa wafalme."

"Nani alikuambia?"

Hilo Munyiva hakulijua, na aliyemfanya agundue ni Mutiso!

Keshoye alifunga mashine akaenda Machakos mjini, kwenye chumba cha kompyuta kilichokuwa kikisimamiwa na msichana aitwaye Farhia. Munyiva alimwambia anachotafuta. Farhia akapendezwa.

"Sisi Wasomali jina ya ukoo hatuna," alisema. "Mimi niko na jina yangu, ya baba, ya babu, naweza kukuhesabia mpaka wa kumi na tano. Yako wacha tuone inaanzia wapi."

Mtandao ulikwenda pole pole kama kawaida yake. Farhia alisoma Kiingereza kilichojaa kwenye kioo na kumweleza. Zamani sana huko Hungaria watu hawakuwa na majina ya ukoo. Walipozidi kufanana majina, kila mtu akaanza kutambulishwa kwa kazi yake. Aliyefua vyuma akaitwa mfua vyuma, mchungaji akaitwa mchungaji, na majina hayo yakawashika hadi watoto wao.

"Na Molnar?"

"Msaga nafaka. Mtu wa kinu."

"Si mfalme?"

"Mfalme wapi, dada! Kila kijiji kilikuwa na kinu, na kinu kilikuwa na mtu wake. Ndio maana wamejaa, wamezidi laki moja. Hapa wanasema ni kati ya majina ya kawaida kabisa huko."

Munyiva alikumbuka wasichana wote aliowapiga kwa ajili ya ufalme huo. Kisha akatazama viatu vyake, unga ukiwa umeganda kwenye kamba, akaanza kucheka, akacheka hadi Farhia akamletea maji.

"Miaka hamsini," alisema akijifuta machozi, "ukoo mzima unaogopa msaga unga."

Mtoto alizaliwa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, na alikuwa wa kiume. Siku ya tatu mbuzi alichinjwa. Kwa desturi, wanaotoa jina siku hiyo ni wanawake waliokwisha kuzaa, na mkubwa wao ndiye hulitamka. Jina likishatamkwa halirudishwi. Mkubwa wa wanawake wa boma lile alikuwa Kamanthe, mke wa Mutiso, na mumewe alikuwa ameshampa la kusema. Wanaume walikaa nje wakingoja nyama. Kamanthe akisema Ndunda, basi baba yake Munyiva hataitwa tena katika boma hilo, na hakuna binti mbishi atakayeweza kulibadilisha.

Kamanthe alimpokea mtoto mikononi.

"Mwaitu," Munyiva alimwambia, akimwita mama kwa heshima, "kabla useme, nisikize. Nimekuwa nikiwadanganya. Hii jina si ya wafalme."

Wanawake wakatazamana.

"Ni ya wasaga unga. Watu wa kawaida tu. Wanasaga, wanakula, wanazaa."

"Kwa mashine kama yetu?" Kamanthe aliuliza.

"Zao zilikuwa zinaendeshwa na maji ya mto. Lakini unga ni unga."

Kamanthe alimpakata mtoto vizuri.

"Kwetu hakukuwa na mashine," alisema. "Nilisaga na jiwe tangu nikiwa na miaka saba. Magoti, mgongo, mikono, yote kuuma. Wakati niliolewa hapa, nilipeleka mahindi kwa mashine, shemeji Molnar akanisagia, nikarudi nyumbani kabla jua iwe kali. Nilikaa chini nikashindwa nitafanya nini na hii mikono."

Akainuka, akaenda na mtoto hadi mlangoni, akapaza sauti wanaume wote wasikie.

"Molnar amerudi nyumbani!"

Mutiso aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kamanthe! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Lakini wewe, Mutiso, umezaa lini?"

Wanawake walipiga vigelegele, na wanaume wakainamisha nyuso wakificha kicheko. Mutiso aligeuka kwenda zake. Kamanthe akamfuata uani na kumwekea mtoto mbele ya kifua.

"Ni kaka yako mkubwa," alisema. "Alilala mgonjwa miezi mitatu na hukukuja kumwona. Leo utapita bila kumsalimia tena?"

Munyiva, kitandani, aliinua kichwa asikie. Mutiso akavua kofia.

"Molnar," alisema. "Habari ya siku nyingi, kaka."