Rais wa Mtaalamu

Nilikuwa karani na mkalimani kwenye shamba la ngano la serikali, uwanda wa Hanang. Nimezaliwa Maretadu, kwa watu wa mahindi na maharage, lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbarabaig na lugha yake niliipata mgongoni kwake. Kwa hiyo pale ofisini nilikuwa mtu pekee aliyeweza kuongea na wafugaji waliotuzunguka, na meneja aliyetoka mkoa wa mbali, na mtaalamu wetu wa kigeni.

Mtaalamu alikuwa Mmarekani, bwana wa udongo na mbegu, mpole, anayekunywa chai bila sukari, jambo ambalo mafundi walilihesabu kuwa ugonjwa. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa chai, alikuja karakana na redio yake, akasikiliza habari za kwao, kisha akaanza kuzichambua. Mimi nilitafsiri.

Habari yenyewe ilikuwa ya rais wao. Alikuwa wa chama cha Republican, alichaguliwa mara ya pili kwa kura nyingi mno, na sasa kipindi hicho cha pili kilikuwa kinamtokea puani. Watu wa ofisini kwake walikuwa wameuza silaha kwa siri, na bunge lilikuwa linawahoji. Mtaalamu hakuwahi kumpenda. Alisema chama chake kinahubiri kupunguza matumizi ya serikali, lakini wanaopunguziwa ni maskini, bunduki hazipunguzwi. Alisema wakubwa wa chama waliokuwa wakisukumana wapigwe picha naye sasa wanamkwepa kama mwenye upele.

Mafundi walimsikiliza kama watu wanaotazama mpira wa timu zisizo zao. Rais huyo hakuwahusu. Kilichowashangaza ni kwamba mtu anamsema rais wake kwa sauti kubwa na bado ana kazi. Fundi mkuu alinituma nimuulize kama kwao hakuna mjumbe wa nyumba kumi. Mtaalamu alicheka sana, bila kuelewa, na sisi tukaangalia mlangoni.

Rais alisema hakujua. Hilo ndilo lililomkera mtaalamu kupita yote. Alisema kiongozi anayedai hakujua yaliyopita mezani kwake anaomba ahesabiwe mzembe ili asiitwe mwongo. Nilimwomba arudie, niitafsiri vizuri. Niliipenda sentensi ile, nikatembea nayo wiki nzima.

Asubuhi moja, katikati ya chai hiyo hiyo, mzee mmoja wa Kibarabaig alifika karakana. Nilimwamkia, akaniuliza habari za bibi yangu, kisha akasema shida yake. Eneo la mashariki, ambalo tulikuwa tunajiandaa kulilima kwa mara ya kwanza, lilikuwa na kaburi la baba yake. Mzee wa heshima kwao hujengewa kilima cha udongo, ukoo mzima ukifanya kazi kwa miezi, na watoto wake huendelea kwenda pale kumwaga pombe ya asali na kumweleza mambo yao. Kilima hicho kilikuwa kimeshuka na kuota majani. Mgeni angedhani ni kichuguu.

Nikamweleza mtaalamu. Sikio lake lilikuwa kwenye redio, walikuwa wanamhoji mwanajeshi mmoja. Akaitikia kwa kichwa. "Mwambie aweke alama," akasema, akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Nilimwambia mzee asimike fito zenye kitambaa chekundu, nikampa kabisa kitambaa cha stoo. Mimi ni mtoto wa jembe la mkono. Niliona nyekundu inatosha kumsimamisha mtu, wala sikumtafuta dereva wa trekta nimwambie. Kumbe kwenye kilimo cha trekta, ufito wenye kitambaa chekundu ndio dereva anaoulenga ili mstari wake wa kwanza unyooke. Dereva aliziona zile fito, akafurahi kwamba amerahisishiwa kazi, akazifuata. Alisimama plau ilipoibua kipande cha ngozi ya ng'ombe, ambayo ndiyo waliyomzikia yule marehemu.

Meneja alituita wote pale pale shambani. Nusu ya kilima ilikuwa imebaki. Mzee aliomba jambo moja, nusu hiyo iachwe pamoja na njia ya kuifikia. Meneja alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. Alisema kama mtaalamu aliambiwa, kosa ni la shamba na kaburi litaachwa. Kama hakuambiwa, Alhamisi mashine ya kupanda inapita.

Akamgeukia mtaalamu.

"Sikuambiwa," mtaalamu akasema. Nilimtazama usoni nione kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Nadhani aliamini anachosema.

Nikamtafsiria mzee. Akanijibu kwa lugha ya bibi yangu, bila hasira, "Ulimwambia wewe, mimi nimesimama pale. Akasema niweke alama. Kitambaa ulinipa wewe."

"Anasemaje?" meneja akauliza.

Mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili Mbulu mjini. Ningesema la mtaalamu, la fito nalo lingetoka. Niliogopa, sina neno jingine.

"Anasema anasikitika sana, lakini amekubali."

Mzee akafungua mdomo, pole pole, kwa Kiswahili ambacho sikujua kama anacho.

"Sijakubali, binti yangu."

Meneja akaniangalia. Nilikuwa na nafasi moja zaidi, na niliiona wazi kabisa kuwa ni nafasi. Mpaka leo nikiikumbuka ninaona aibu hadi masikio yanawaka.

"Kiswahili chake ni kidogo, bwana meneja," nikasema. "Amechanganya."

Akaniamini. Alhamisi mashine ya kupanda ilipita juu ya baba yake.