Tarehe Nilizozifuta

Baba yangu alikuwa na tyubu moja ya silikoni ya boti, na aliitunza kuliko anavyolitunza shinikizo lake la damu. Aliiviringisha kwenye gunia kavu akaisimamisha nyuma ya mtungi wa maji, pale ukumbini ambapo jua halifiki hata saa nane mchana. Wajukuu walikatazwa kuigusa. Mie ndiye niliyemfundisha kwamba dawa ile haipendi joto, na mie ndiye niliyejua kwamba ilishakufa kabla haijaingia nyumbani kwetu. Miaka mitatu napita pale kuchota maji, naiona, nanyamaza.

Nilikuwa muuzaji na mtunza stoo katika duka la vifaa vya boti, njia ya kwenda Wazo, ambako malori ya saruji yanapita kutwa na vumbi lake linaingia mpaka kwenye chai. Wateja wote walikuwa wanasema neno moja tu: nipe silikoni. Silikoni ipi, jamani? Nilikuwaga nawafokea watu wazima. Hiyo inayonuka siki ni ya vioo na masinki, ukiipaka chini ya boti itabanduka, na mbaya zaidi inaacha utelezi kwenye mbao, chochote utakachopaka baadaye hakishiki. Ipo ya boti yenyewe, ya kukaa chini ya maji, ikikauka inakuwa mpira, mbao zikivimba inavutika nazo. Na ipo ile kali ya kugandisha moja kwa moja, hiyo ukiitia mahali unapotaka kufungua kesho utang'oa na ubao. Wengine walinuna, lakini walirudi kwangu. Nilijiona mtaalamu kwelikweli.

Baba alikuwa fundi wa boti za mbao hapo Mbweni, tangu zamani, kabla kuta za majumba mapya hazijatubania njia ya kwenda pwani. Kazi yake ilikuwa kalafati: anachukua pamba, anaipaka mafuta, anaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka maji yakose pa kupita. Habari za tyubu alikuwa hataki kuzisikia. Nilimpigia kelele mwaka mzima. "Baba, dunia imekwenda mbele." "Iache iende, mie nipo hapa." Mwishowe akajaribu kuzunguka bolti za boti moja, ikashika, akafurahi mno. Kila aliyepita akawa anamwambia binti yake ndiye anayejua dawa, yeye siku hizi ni mwanafunzi. Roho yangu ilikuwa inanenepa.

Sasa kuhusu stoo. Stoo yetu ilikuwa kontena la chuma juani, hakuna mti wala kivuli. Ikifika adhuhuri, ukuta wa ndani huwezi kuugusa kwa kiganja. Nilimwambia bosi wangu, mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye kuniita mwanangu kila sentensi, kwamba tyubu zinapikika mle, tuzihamishie chumba cha nyuma chenye sakafu ya baridi. Akasema kile chumba keshampangisha fundi simu. Nikarudia mara ya pili, mara ya tatu. Tarehe za mwisho wa matumizi zikafika, zikapita.

Siku moja akaniwekea mezani pamba na chupa ya thina, ile ya kuyeyushia rangi. "Mwanangu, hebu zisafishe vitako zile tyubu, vumbi la saruji limezidi." Basi. Neno tarehe hakulitamka, na tarehe zilikuwa zimepigwa chapa hapo hapo kwenye kitako. Alikuwa na akili yule mama, wallahi, maana vumbi kweli lilikuwepo. Nilikaa mchana wa siku mbili nasafisha. Wino ulikuwa unatoka kirahisi, unapitisha pamba mara mbili na chuma kinabaki cheupe. Najua watu wanavyosema, nilitumwa, ningefanyaje, kazi zenyewe ngumu kupatikana. Na mie niliyasema hayo hayo. Upuuzi mtupu. Nilijua ninachofuta.

Haukupita mwezi, rafiki wa baba, mchuuzi wa samaki aliyekua naye tangu utotoni, akaleta boti yake izibwe upya sehemu ya chini. Baba akaniagiza tyubu nne. Nikamwuliza bosi kama mzigo mpya umefika. "Uko njiani, mwanangu." Boti ilikuwa juu ya magogo inasubiri, mwenyewe anakosa riziki kila siku. Nikachukua tyubu moja, nikaitikisa, nikaitikisa tena, nikajiambia tarehe ni maneno ya kiwandani ya kututisha watu. Nikabeba nne. Nikamkabidhi baba yangu mzazi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kazi aliifanya kwa sheria. Alikwangua, alikausha mbao siku tatu chini ya turubai, alifuta kwa kitambaa na thina, akabandika karatasi ya gundi pembeni ili mstari utoke safi. Alimaliza tyubu tatu, moja ikabaki. Jioni nimemletea maji ya kunywa, ananionyesha viganja vimevimba. "Leo bunduki ya kukamulia imenitoa jasho, dawa haitaki kutoka."

Dawa ngumu hivyo imeshaanza kuganda ndani ya tyubu, nilijua; hapo ndipo ningesema. Badala yake nikacheka. Nikamwambia, "Aa, baba, sema ukweli, mikono imezeeka hiyo."

Utani tu wa nyumbani, wa kila siku. Na yeye alicheka.

Boti iliteremshwa majini. Siku ya tatu asubuhi tukaikuta imezama pale pale ilipotiwa nanga, maji mpaka ukingoni, mashine yote imelowa chumvi. Ilipovutwa mchangani, baba alipiga magoti akaigusa kazi yake kwa ukucha. Ilitoka utepe mzima, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Juu ilikuwa imekauka, ndani haikushika popote. Rafiki yake hakupiga kelele. Alimsalimia, akaagana naye vizuri, na boti akaipeleka kwa fundi mwingine. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Usiku ule baba hakula. Asubuhi yake alikusanya patasi zake zote na ile nyundo, akampa fundi mmoja wa upande wa pili wa pwani, bure. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu bila hasira yoyote: "Si ulisema mwenyewe? Mikono imezeeka."

Ungedhani hapo ningetapika ukweli. Sikuutapika. Nilikwenda kuosha vyombo. Kazi dukani niliiacha miezi michache baadaye, na hata hapo sikuondoka kwa sababu ya tyubu. Niligombana na bosi kwa ajili ya likizo yangu. Nalisema hili ili mtu asije akanifanya mwema.

Baba akawa mtu wa kukaa barazani. Mafundi wakipita anawaita, anawapa somo. "Msifanye haraka kama mie. Mie sikukausha mbao vizuri. Niliona zimekauka kumbe macho yamenidanganya." Amelitengeneza kosa lake kipande kwa kipande, mpaka ana hakika na saa aliyokosea. Mie namimina chai, nasikiliza mtu akijishuhudia uongo, na uongo wenyewe wangu. Nilikuwa namkasirikia. Ndiyo, yeye! Nilikuwa nasonya jikoni, nasema moyoni, si unyamaze tu, mzee.

Mwaka huu akaja jirani yetu, mvuvi, boti yake inavuja karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa, na wanawe watatu ndio wanaotoka nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

Akaeleza. Baba akageuka kwangu, uso umechangamka, sijauona hivyo siku nyingi. "Mletee ile ya nyuma ya mtungi. Dawa safi kabisa hiyo, haijaguswa. Mwenye makosa nilikuwa mie, dawa haina kosa."

Nikaileta. Akalifungua gunia mwenyewe, taratibu, akaipangusa tyubu na kumnyooshea jirani, na jirani akanyoosha mkono kupokea.

"Usimpe," nikasema. "Imepitwa na muda."

Baba akaigeuza, akakitazama kitako. "Umejuaje? Hii haina tarehe."

"Ilikuwa nayo. Niliifuta mie."

Nikasema yote, kontena, pamba, thina, siku mbili za kusafisha, na kwamba nilijua wakati namkabidhi. Jirani alitafuta ndara zake akaondoka bila kuaga. Baba alikuwa anapitisha kidole gumba pale kwenye chuma cheupe, anarudia, anarudia. Nilingoja kofi. Nilingoja anilaani, na ningeitikia amina.

"Mlifuta ngapi?" akauliza.

"Sikumbuki."

Uongo huo. Maboksi kumi na moja, kila boksi tyubu kumi na mbili, na zote ziliuzwa.

"Na walizichukua mafundi?"

"Wengi wao mafundi, baba."

Akaiweka tyubu chini, akaviweka viganja vyake magotini, akaviangalia.

"Basi nao wamekaa majumbani kwao," akasema, "wanaitazama mikono yao."