Besi Iliyokwenda Kuposa Namanyere

Kaka yangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma pale Sumbawanga, mpaka shirika lilipouzwa. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua gari dogo la mtumba kutoka Japani, na kabla hajatengeneza breki akalinunulia amplifaya. "Soko huria hili, mdogo wangu," aliniambia. "Asiyesikika hanunuliwi."

Amplifaya ilikuwa na njia nne za kutoa sauti. Fundi redio wa karibu na stendi alisema kuitumia hivyo ni sawa na kuwa na ng'ombe wanne, halafu kila mmoja umfunge jembe lake. "Tunabriji," alisema. Akaunganisha waya chanya wa njia moja na hasi wa njia ya pili, nguvu za njia mbili zikawa moja, zikaenda kwenye buti. Amplifaya ikifungwa hivyo ilitaka spika moja tu ya besi. Yeye alifunga mbili, ili mteja asipunjwe. Walipoijaribu, kioo cha nyuma kilitetemeka na kuku wa jirani wakaacha kula. Kaka alisimama pale kama mtu aliyepewa ukuu wa wilaya.

Siku hizo nilikuwa naposa Namanyere. Wasemaji wangu walikuwa wawili: baba mkubwa, aliyesifika kwa kauli yake ya upole, na mshenga, jirani yetu wa Kasense. Kaka akajitolea kuwapeleka. Mimi nilikaa mbele naye; wazee walikaa nyuma, migongo yao ikiegemea buti.

"Mwanangu, kuna kitu kinanipiga mgongoni," alisema baba mkubwa.

"Ni besi, baba. Utazoea."

"Kipunguze basi."

"Nikipunguza mtasikia injini, mtaogopa bure."

Tukaenda hivyo hadi Namanyere.

Mila haikumruhusu mposaji kuingia kwenye mazungumzo, kwa hiyo nilibaki garini. Kwa kawaida mposaji huwa hasikii kitu. Mimi nilisikia kila neno, na nadhani sokoni pia walisikia.

"Karibuni, wazee," alisema baba wa binti.

"Kaburini?" mshenga alipaza sauti. "Nani amefariki?"

Baba mkubwa akamtuliza, naye kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akatangaza kwamba tumeona ua katika nyumba ile. Akaulizwa ua gani. Akajibu kwamba amekula njiani, asante. Wenyeji nao wakaanza kupayuka ili wasikike, na majirani wakajaa kwenye uzio kuuliza nani anapigana. Kaka wa mchumba wangu alitoka akaja dirishani.

"Shemeji, samahani. Wazee wako wamelewa?"

"Hapana. Wamesafiri."

Nilijua posa imekufa. Nilianza kumfikiria binti mwingine, nikamkosa.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi wa mchumba wangu, mzee mwenye masikio mazito, aliyekuwa akiipinga posa ile tangu mwanzo na hakuna aliyejua kwa nini.

"Miaka yote mnanong'ona mambo ya wajukuu zangu, halafu mnaniletea mnachotaka nijue," alisema. "Leo nimesikia mwenyewe. Hawa ni watu wa wazi. Binti aende."

Nilijikuta nacheka peke yangu, na machozi yananitoka.

Wakati wa kurudi, kaka alifungulia muziki kusherehekea. Hatukufika mbali. Moshi ulitoka kwenye buti ukinuka plastiki iliyoungua, na kimya kikaingia ndani ya gari. Wazee walishuka, wakachungulia.

"Kimekufa?" aliuliza baba mkubwa, bado akipayuka.

"Kimekufa, baba."

"Basi tumshukuru Mungu kwa yote mawili."

Fundi alipoifungua ile amplifaya alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema Wajapani siku hizi hawatengenezi vitu imara, na akamshauri kaka anunue mbili. Kaka alizinunua. Sisi tulifunga ndoa baada ya mavuno, na siku hiyo wazee walikwenda kanisani kwa miguu, wakiwa wametangulia mapema sana.